DARSA LA RAMADHANI, SIKU YA 20: Umeshinda Maneno, Lakini Haki Iko kwa Nani?



Ndugu zangu katika imani, alhamdulillah, kumi la pili ndiyo hilo linatuaga. Leo jua likizama tunaingia usiku wa 21, usiku wa kwanza wa witiri katika kumi la mwisho. Kila mtu anaulizana na mwenzake: Laylatul Qadr mwaka huu itakuwa lini? Ya 21? Ya 27?

Mnajua kwa nini hatujui?

Imepokewa katika Sahihi Bukhari kutoka kwa Ubada bin Samit (radhi za Allah ziwe juu yake) kwamba siku moja Mtume wetu (s.a.w.) alitoka ili awaambie watu usiku huo ni upi. Akakuta Waislamu wawili wanagombana. Ujuzi wa usiku ule ukaondolewa. Mtume akawaambia huenda hilo likawa kheri kwao, wakautafute ndani ya kumi la mwisho.

Hebu lifikirie hilo. Hawakuwa makafiri, wala hawakuwa walevi. Walikuwa Waislamu wawili, tena karibu na Mtume mwenyewe, na ugomvi wao ukawa sababu ya umma mzima kufichwa jambo kubwa kama hili mpaka leo.

Kwa hiyo kabla hatujaanza kuutafuta usiku huo, leo nataka tuongee juu ya ndimi zetu. Sisemi matusi wala kusengenya, hayo tumeshayazungumza wiki ya kwanza. Nasema jambo ambalo watu wa dini na wasomi tunalifanya sana na hatulihesabu kuwa ni dhambi: *kutumia hila ili ushinde hoja, na huku moyoni unajua kwamba mwenzio ana haki.*

*Kubishana si haramu kwa asili yake*

Tuliweke sawa hili kwanza. Uislamu haukukataza mjadala. Katika Suratun-Nahl, aya ya 125, Allah (s.w.) anamwamrisha Mtume wake alinganie kwa hekima na mawaidha mema, na ajadiliane na watu kwa njia iliyo bora zaidi. Kwa hiyo kujadiliana kupo. Kilichowekewa sharti ni namna yake.

Na Allah huyo huyo, katika Suratul-Kahf, aya ya 54, anatuambia tabia yetu: mwanadamu amezidi vitu vyote kwa ubishi. Ukiwa na watoto wawili nyumbani huhitaji tafsiri ya aya hiyo.

Halafu ipo hadithi ya alama nne za mnafiki, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Tatu tunazijua wote kwa moyo: kusema uongo, kuvunja ahadi, kuhini amana. Ya nne huwa tunaipita haraka haraka, nayo ni kwamba akigombana na mtu, huvuka mpaka. Yaani mkiwa mmekaa vizuri ni mtu mzuri, lakini mkitofautiana tu, hana haki anayoijali. Silaha yoyote iliyo karibu anaiokota.

Silaha hizo ni zipi? Qur'ani imetuonyesha, na imetuonyesha kwa mwalimu wao mkubwa.

*Baraza la Firauni*

Fungua Suratush-Shuaraa, anza aya ya 16 kwenda mbele. Soma taratibu, kama unayesikiliza watu wawili wanazungumza. Musa na Harun (a.s.) wanafika mbele ya Firauni na maneno mafupi kabisa: sisi ni wajumbe wa Mola wa walimwengu wote, waachie Bani Israil waende nasi. Ndiyo mada hiyo. Wametumwa na Mola wa walimwengu, na kuna watu wanaoonewa, waachiwe.

Firauni alikuwa na njia mbili za haki: akubali, au aseme kwa nini hakubali. Angalieni alifanya nini.

*La kwanza, masimango.* Alimuuliza Musa: si sisi tuliokulea hapa ulipokuwa mtoto? Si kwetu ulikokaa miaka na miaka? Sasa, kulelewa kwa Musa katika nyumba ile kunahusiana nini na kuwaachia Bani Israil? Hakuna. Lakini linamfanya Musa aonekane mtoto asiye na shukurani mbele ya watu. Silaha hii tunaijua sana majumbani. Binti anasema, "Baba, mimi huyu mchumba simtaki," anajibiwa, "Ada ya shule alikulipia nani?"

*La pili, kufukua kaburi.* Akamkumbusha kosa lake la zamani, yule mtu aliyekufa kwa ngumi ya Musa. Na hakulitaja kwa sababu anamhurumia marehemu. Firauni alikuwa anachinja watoto wa kiume wa Bani Israil! Mtu wa namna hiyo ghafla amekuwa na uchungu wa roho moja? Alilitaja ili watu waache kusikiliza *kinachosemwa* na waanze kumtazama *anayesema*.

*La tatu, kuwageukia watazamaji.* Alipouliza ni nani huyo Mola wa walimwengu, Musa akamjibu: ni Mola wa mbingu na ardhi na vilivyomo baina yake. Jibu limenyooka. Firauni hakulijibu. Akawageukia waliomzunguka na kuwauliza kama wanasikia hayo. Ukisoma unaona kabisa jicho linavyozungushwa na watu wanavyoanza kucheka. Swali lake halikutaka jibu, lilitaka kicheko.

*La nne, jina baya.* Musa akaendelea, Mola wenu na Mola wa baba zenu wa kwanza. Firauni akawaambia watu kwamba huyu mtume wenu ni mwendawazimu. Na kule kusema "wenu" ni kejeli ndani ya kejeli, maana yeye hakumkubali kuwa mtume wa mtu yeyote.

*La tano, swali la mtego.* Hili liko katika Suratu Taha, aya ya 51. Firauni aliuliza: na hali ya watu wa vizazi vilivyopita ikoje? Mnaona mtego ulivyo? Musa akisema wale wazee wamo motoni, baraza zima linawaka hasira, maana ni babu zao. Akisema wamo peponi, basi kuna haja gani ya ujumbe wake? Na kwa vyovyote vile, mada ya Bani Israil imeshasahaulika.

*La sita, kumsomea mtu nia yake.* Akawaambia wakuu wake kwamba huyu ni mchawi mjuzi, anataka kuwatoa katika nchi yenu. Musa hakuomba nchi. Aliomba watu wake waachiwe *waondoke*! Lakini ukishawatia watu hofu, hakuna anayekumbuka ombi lilikuwa nini.

*La saba, vitisho.* Ukimfanya mungu mwingine asiyekuwa mimi, nitakutia gerezani. Hapo ujue hoja imeisha. Mwenye hoja hahitaji gereza.

*Na la nane, kubadilisha sheria mchezo ukiwa umekwisha.* Firauni mwenyewe ndiye aliyetaka yafanyike mashindano kati ya Musa na wachawi. Yeye ndiye aliyekusanya wachawi wa nchi nzima na kuwaahidi malipo. Siku ilipofika, fimbo ya Musa ikameza uongo wao, wachawi wakaanguka kusujudu. Firauni akasemaje? Akasema kumbe huyu ndiye mkubwa wenu aliyekufundisheni uchawi, hizi ni njama mlizozipanga pamoja. Angeshinda, mashindano yangekuwa halali. Ameshindwa, mashindano ni njama.

Je, ilikuwa kwamba Firauni hakuelewa? Laiti ingekuwa hivyo, tungemhurumia. Katika Suratun-Naml, aya ya 14, Allah anatuambia kwamba walizikanusha zile ishara ilhali nafsi zao zina yakini nazo, kwa dhulma na kujivuna. *Alijua.* Hapo ndipo panapomtofautisha mtu aliyekosea na mtu mwenye hila. Aliyekosea anahitaji kufundishwa. Mwenye hila anahitaji kutubu.

*Sasa mtazameni Musa*

Mimi miaka mingi nimeisoma sura hii nikimtazama Firauni. Siku hizi namtazama Musa, na nakuta darsa kubwa zaidi iko kwake.

Alipotajiwa lile kosa la zamani, alifanya nini? Hakusema, "Na wewe je, umeua wangapi?" Angekuwa na haki ya kusema hivyo. Alikubali. Alisema ndiyo, nililifanya, na wakati ule nilikuwa sijaongoka. Basi. Silaha ikamwanguka Firauni mkononi, maana huwezi kumtisha mtu kwa jambo ambalo ameshalikiri.

Kuhusu masimango, alijibu kwa swali moja: hiyo ndiyo neema unayonisimanga, kwamba umewafanya Bani Israil watumwa? Yaani, kwani ni nini kilichonifikisha nyumbani kwako? Si ni kwa sababu mama yangu alinitia mtoni akikimbia visu vyako? Na hapo hapo mazungumzo yamerudi kwa Bani Israil, pale yalipoanzia.

Alipoitwa mwendawazimu hakutukana. Aliendelea na sentensi yake: Mola wa mashariki na magharibi.

Na kwenye lile swali la mtego, alisema kwamba ujuzi wa hao uko kwa Mola wangu, katika kitabu, na Mola wangu hapotei wala hasahau. Kwa lugha yetu ya barazani: hilo si langu, mwenyewe Allah analijua, turudi kwenye mazungumzo yetu. Nabii wa Allah, Kalimullah, hakuona aibu kuliacha swali kwa Mwenye kulijua. Sisi mtu akituuliza jambo tusilolijua, tunaona bora dunia ipasuke kuliko kusema "sijui".

*Nije kwangu*

Ndugu zangu, ningeweza kuishia hapo na darsa ikawa nzuri. Lakini ingekuwa darsa ya kumsema Firauni, na kumsema Firauni ni rahisi, hayupo kwenye chaneli hii.

Mwezi wa Rajabu tulikuwa na kikao cha msikiti, baada ya Isha. Tulikuwa tunasoma hesabu ya paa la madrasa. Nikasoma mimi mwenyewe: mabati 60, pesa kadhaa, misumari, fundi. Mzee mmoja akanyoosha mkono. Akasema, kwa upole kabisa, "Maalim, mimi juu ya paa nimehesabu mabati 48. Hayo 12 yako wapi?"

Ukweli ni kwamba sikuwa najua. Mimi nilipewa karatasi, nikaisoma. Jibu sahihi lilikuwa maneno machache tu: "Sijui mzee wangu, nitaangalia." Lakini nilihisi joto usoni. Niliona kama ninaitwa mwizi mbele ya watu niliowasalisha punde tu. Na ulimi wangu, ambao Allah ameujaalia wepesi, ukanitangulia. Nikasema:

"Mzee wangu, mabati unayahesabu vizuri sana. Mbona safu ya alfajiri hatukuoni ukiihesabu?"

Watu wakacheka. Wengine walicheka mpaka wakapiga mapaja. Mzee akashusha mkono. Hesabu ikapita, tukasoma dua, tukatawanyika. Na mimi, Allah anisamehe, nilirudi nyumbani nikijiona nimejibu vizuri.

Baada ya siku chache mweka hazina wetu, Allah amlipe kheri, likamkera lile swali. Akapanda mwenyewe akahesabu. Ni 48. Akaenda duka tuliponunua. Mabati 12 yalikuwa yamelipiwa na hayakuchukuliwa, yameegemezwa nyuma kule, yamesahauliwa. Hakuna aliyeiba. Lakini kama si swali la yule mzee, mali ya waqfu ingepotea hivi hivi, na sisi tunaiombea dua.

Na alfajiri je? Mkewe amepatwa na kiharusi. Saa ile ya alfajiri ndiyo saa ya kumgeuza, kumsafisha na kumpa dawa, na nyumbani hakuna mwingine. Anaswali pale pale pembeni ya kitanda. Mimi imamu wake nilikuwa silijui hilo.

Lakini nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo penye darsa. Tuseme asingekuwa na mgonjwa. Tuseme ni mvivu kweli wa alfajiri, analala mpaka jua linampiga usoni. *Mabati yangekuwa 48 vilevile.* Uvivu wake usingeongeza bati hata moja juu ya paa. Kosa langu halikuanzia kwenye kutojua habari za mkewe. Lilianzia pale nilipoacha kujibu swali nikamjibu mtu.

Rudini kwa Firauni mhesabu mliyonisikia nikiyafanya. Nilimfukulia mtu aibu isiyohusiana na mada. Niliwageukia watazamaji ili wacheke. Nilimsomea nia, kwamba anatafuta kunichafua. Silaha tatu katika sentensi mbili, tena ndani ya nyumba ya Allah, juu ya mali ya waqfu, na mimi ndiye mwenye kilemba.

Nilikwenda kwake mwezi wa Shaabani. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamwambia yote, nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia neno ambalo sijalala nalo vizuri tangu siku hiyo:

"Maalim, nimekusamehe. Lakini ulinivua nguo barazani, leo waja kunivisha chumbani?"

Sikuwa na jibu. Nilisema in shaa Allah nitalisema mbele ya watu. Ikapita wiki, nikasema Ijumaa ijayo. Ikapita Ijumaa, nikasema Ramadhani ikiandama. Ramadhani hii imefika siku ya 20. Nafsi ina visingizio vingi kuliko mabati.

Basi leo, in shaa Allah, baada ya Isha na kabla hatujasimama kwa tarawehe, nitasimama mbele ya safu zile zile zilizocheka na nitasema: mzee aliuliza kwa haki, alikuwa sahihi, na mimi nilimdhulumu. Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya bila ya kumtaja jina, amenipa. Nimeandika hapa asubuhi hii ili nisiweze kurudi nyuma jioni.

*Hila zetu za kila siku*

Sasa kila mmoja ajitazame, kwa ufupi tu.

Mume na mke: mmoja anasema, "Hukunipigia simu kuniambia utachelewa." Mwingine anajibu, "Na wewe mwaka jana kwenye harusi ya dada yangu ulifanyaje?" Swali la simu limezikwa, na kaburi la mwaka jana limefunguliwa.

Kwenye magurupu ya simu: mtu ameandika sentensi nne, wewe unapiga picha sentensi moja ile mbaya, unaisambaza. Hukusema uongo hata neno moja, lakini umedanganya. Na hotuba za masheikh wetu je? Saa nzima ya maneno inakatwa kipande cha nusu dakika, kisha watu wanafutari kwa nyama ya ndugu yao.

Mwezi ukiandama: wenzetu wanafuata mwandamo wa popote duniani, wengine wanafuata mwandamo wa hapa hapa, na kila upande una wanazuoni na dalili zake. Lakini ni wangapi wetu tunataja dalili ya upande wa pili kama wenyewe wanavyoitaja? Tunachukua kauli ya mjinga wao mmoja, tunaijibu hiyo, tunajiona tumewajibu wote.

Na mirathi. Hapa ndugu zangu niwaombe tuogope sana. Mama Ummu Salama (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaambia waliokuja kwake na mashtaka kuwa yeye ni mwanadamu, na huenda mmoja wao akawa hodari wa kujieleza kuliko mwenzake, naye akahukumu kwa aliyoyasikia. Basi atakayepewa haki ya ndugu yake ajue amekatiwa kipande cha moto. Angalieni: hukumu imetoka kwa *Mtume mwenyewe*, na bado ile mali haiwi halali, kwa sababu ulimi ndio ulioipata. Sasa itakuwaje hukumu uliyoipata kwenye kikao cha ukoo kwa sababu dada yako hajui kuongea mbele ya watu?

Na katika riwaya ya Abu Daud, wale wawili waliokuwa wanadai urithi waliposikia maneno hayo walilia, kila mmoja akasema haki yake amempa mwenzake. Mtume akawaambia wagawane, watafute haki, wapige kura, kisha kila mmoja amhalalishie mwenzake. Machozi yale ndiyo tunayoyaomba katika kumi hili.

*La kufanya, kuanzia leo*

1. Kama alilosema mwenzio lina kweli ndani yake, *anza na hiyo kweli*. "Hapo umesema sawa." Musa alianza hivyo, tena mbele ya Firauni.

2. Kabla hujamjibu, *rudia alichosema* kwa maneno ambayo yeye mwenyewe atasema, "Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyokusudia." Mimi nafundisha darasani, na nakuhakikishieni nusu ya ugomvi wa watoto huishia hapo. Na wa wakubwa pia.

3. *Jibu swali, muache mtu.* Ukiona ulimi unaanza na "Wewe ambaye..." ufunge.

4. *Jifunze kusema "sijui".* Haikupunguzii kitu. Mimi neno hilo moja lingeniokoa miezi mitatu.

5. *Ukishindwa, shindwa hapo hapo.* Imam Shafii, ambaye watu wengi wa pwani yetu tunafuata madhehebu yake, imepokewa kwamba alikuwa akijadiliana na mtu hajali haki itadhihiri kwa ulimi wake au kwa ulimi wa mwenzake. Na wale wachawi wa Firauni je? Asubuhi walikuja wakiuliza kama watapata malipo wakishinda. Walishindwa hadharani, mbele ya mfalme wao na watu wote, na papo hapo wakakiri. Siku ile aliyekataa kushindwa ndiye aliyepotea, na walioshindwa ndio waliofaulu.

6. Na ukifanyiwa wewe hila hizi, *una ruhusa ya kunyamaza*. Mtume (s.a.w.) ameahidi nyumba pembezoni mwa Pepo kwa mwenye kuacha ubishi hata kama yeye ndiye mwenye haki, kama alivyopokea Abu Umama katika Abu Daud. Lakini fahamuni, kuacha ubishi si kuacha haki. Ikiwa ni mirathi, ni mali ya yatima, ni fedha ya msikiti, nyamaza barazani kisha nenda kwa mashahidi, kwa maandishi, kwa kadhi. Yule mzee angenyamaza moja kwa moja, yale mabati yangeota kutu.

Na tahadhari mbili za mwisho.

Tukitukanwa tumefundishwa kujikumbusha na kumwambia mtu kwamba tumefunga. Hiyo ni ngao ya kuuzuia ulimi *wako*. Tusiigeuze rungu. Kuna mtu mkewe akimuuliza pesa ya futari iko wapi, anasema, "Mimi nimefunga, usinikere." Huyo hajajizuia kugombana. Amekimbia swali tu.

Na darsa hii pia, tafadhali, usiichukue ukamtumia shemeji yako ukamwambia, "Soma la tatu na la sita, umetajwa wewe." Ukifanya hivyo umeongeza silaha ya tisa. Isome, ufunge simu, ujiulize: ni nani niliyemshinda kwa maneno na haki ilikuwa yake? Ukimpata, bado una jioni moja kabla kumi la mwisho halijaingia. Na ikiwa ulimvua barazani, usimvishe chumbani.

Mtume (s.a.w.) ametuambia kwamba asiyeacha kauli ya uongo na kuitenda, Allah hana haja ya yeye kuacha chakula chake na kinywaji chake. Njaa tumeshaipata siku 20. Tusitoke na njaa peke yake.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki tuijue kuwa ni haki, uturuzuku kuifuata. Tuonyeshe batili tuijue kuwa ni batili, uturuzuku kuiepuka. Ziondolee ndimi zetu kiburi. Tusamehe tuliowadhulumu kwa maneno, na uwape wao nyoyo za kutusamehe. Mponye mke wa mzee wetu na wagonjwa wetu wote. Tukutanishe na Laylatul Qadr hali ya kuwa hakuna ugomvi baina yetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.

Kesho in shaa Allah, siku ya 21: itikafu kwa mtu mwenye kazi za kuajiriwa na watoto wadogo.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.